Nusu ya Mabadilishano

Mtu wa Kuze au Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, anayetaka kuziona kwa macho yake karatasi za kale za mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa vita na siasa za Mvita, yaani Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hazipati Ngome ya Yesu wala katika nyumba yoyote ya Ndia Kuu. Mmishonari William Taylor alizikusanya Mombasa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua Abdallah al-Batawi, aliyezijua beti zenyewe pamoja na visa vilivyozizaa. Mwisho wa safari zikawa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, karibu na Russell Square. William Hichens alizitegemea alipotoa diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mohamed Hassan Abdulaziz, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alimrudia Muyaka katika kitabu alichokitoa mwaka 1979.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Mombasa anayesoma fasihi au historia ana sababu ya kweli ya kukaa Uingereza muhula mmoja au miwili. Sehemu ya maktaba ya mji wake iko huko. Baadhi ya miswada imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na jambo hilo limewafaa wengi, lakini kusoma mswada ni kazi ya kuuliza na kuulizwa. Kazi hiyo inahitaji mwalimu aliyeketi kando, kamusi zilizopangwa ukutani, na mswada wa pili wa kulinganisha na wa kwanza.

Safari ya namna hiyo, ambayo mtu huenda kwa miezi kadhaa kisha akarudi kumalizia shahada yake nyumbani, haifanani na kuhamia. Iliyo nafuu zaidi ni ile ya mabadilishano: vyuo viwili hutia saini makubaliano, kila kimoja hupeleka wanafunzi wake kwa mwenzake, na mwanafunzi huendelea kulipa karo katika chuo chake cha nyumbani bila kudaiwa karo na chuo kinachompokea. Pasipo makubaliano, mwanafunzi huomba nafasi ya ugeni peke yake, na hapo hulipa karo ya mgeni kama inavyotozwa. Kwa wanaosomea uzamivu kuna mpango wa Jumuiya ya Madola unaomwezesha mtafiti aliyesajiliwa katika chuo cha nchi yake kukaa hadi miezi 12 katika chuo cha Uingereza, akiwa na msimamizi huku na msimamizi kule.

Tukiyatazama haya kutoka kisiwani Mombasa, tatizo haliko pale watu wanapodhani liko. Vijana wenye akili na hamu wapo. Jambo lenyewe ni kwamba kwa zaidi ya karne moja Mombasa imekuwa ikitoa nusu yake ya mabadilishano: inapokea wageni, inawafunza lugha, inawafungulia nyumba na masanduku ya vitabu. Nusu ya pili, ya kupeleka vijana wake kwa haki na kwa maandishi, haijadaiwa ipasavyo.

Kisa kinachosimuliwa zaidi mjini, na kinachofaa kuangaliwa upya, ni cha Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa kadhi mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, ambamo aliwahimiza Waislamu wa Pwani waishike elimu mpya bila kuiacha dini yao. Sheikh alifariki mwaka 1947, kijana akiwa na miaka 14. Mwaka uliofuata kijana akafanya mtihani wa cheti cha Cambridge, akapata daraja la tatu, na Makerere ikamkataa.

Alifanya ukarani. Kisha akapata kazi katika chuo kipya cha ufundi cha Waislamu kilichojulikana kwa kifupi kama MIOME, kule Tudor, kilichojengwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alikuwa mtu wa mbele katika kukianzisha. Mwaka mmoja palikuwa na hafla ya Maulidi chuoni. Mazrui akasimama kuhutubia, na Mitchell alikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Hotuba ile ndiyo iliyofungua njia ya ufadhili. Mwaka 1955 alitua Huddersfield, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza, katika chuo cha ufundi ambacho wakati huo hakikuwa chuo kikuu, ili kwanza amalizie masomo ya sekondari yaliyompungukia. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio: shahada ya Manchester mwaka 1960, uzamili wa Columbia kule New York mwaka 1961, na uzamivu wa Oxford mwaka 1966. Uzamivu huo ulimkuta tayari ni mwalimu wa Makerere, chuo kilekile kilichomkataa.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa mtu asiyekata tamaa, na kweli ni hivyo. Lakini kikisomwa kama habari za utaratibu wa elimu, kinatisha. Mwanafunzi aliyekuja kutoa mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979 na kuongoza mfululizo wa televisheni juu ya urithi wa Afrika mwaka 1986 angebaki nje ya chuo kikuu kama gavana asingehudhuria Maulidi siku ile. Hapakuwa na dirisha la kuombea wala mtihani wa pili. Vijana wengine wa Mvita wenye daraja la tatu, waliokuwa na vipaji lakini hawakupewa jukwaa mbele ya mkubwa, walibaki bandarini na madukani, na hakuna kitabu kilichowaandika.

Uhaba huo wa nafasi za chuo haukuwa wa Mombasa peke yake. Ndio uliomfanya mwanasiasa Tom Mboya atafute nafasi Marekani, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Sheria ilikuwa mbaya zaidi: mpaka kitivo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, hapakuwa na chuo Afrika Mashariki kilichofundisha sheria, na aliyetaka uwakili alilazimika kwenda ng'ambo, aghalabu London. Hata waliobaki nyumbani walikuwa chini ya Uingereza kwa namna nyingine, kwa kuwa tangu mwaka 1949 Makerere ilikuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilizotolewa Kampala zilikuwa za London.

Uhusiano huo ulikuwa na faida moja isiyosemwa sana. Mitaala ilifanana, watahini walijuana, na mtu aliyetoka darasa moja kuingia lingine hakupoteza mwaka. Mwanahistoria Ahmed Idha Salim alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha London mwaka 1968 kwa utafiti juu ya Waswahili wa pwani ya Kenya kuanzia 1895 hadi 1965, na kitabu alichokitoa mwaka 1973 bado husomwa na kila anayetaka kuelewa jinsi ukanda wa maili kumi wa Pwani ulivyoingizwa Kenya. Mkutano wa elimu wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Oxford mwaka 1959 ulizaa ufadhili ulioanza kupokea wasomi mwaka 1960. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba bahati ya Maulidi ingegeuka kuwa utaratibu.

Lakini milango ikaanza kufungwa, na ilifungwa kutoka pande zote mbili. Mwaka 1967 Uingereza ilitenganisha karo: mwenyeji pauni 70, mgeni pauni 250. Serikali ya Margaret Thatcher ikaenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1980 wanafunzi wapya kutoka nje walitakiwa kulipa gharama kamili ya masomo yao. Tangu hapo mgeni amekuwa chanzo cha mapato ya chuo, na leo karo yake ya mwaka katika masomo ya kawaida mara nyingi huwa kati ya pauni 15,000 na 30,000.

Upande wa Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulifuta kidato cha tano na cha sita, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa mwaka 1989. Mfumo ule ulikuwa na sababu zake. Hata hivyo matokeo yake kwa safari ya Uingereza yalikuwa makubwa kuliko yalivyojadiliwa. Vyuo vingi vya Uingereza havikuuhesabu mtihani wa kidato cha nne kuwa unatosha kuingilia shahada, hivyo kijana wa Khamis, Allidina Visram au Shimo la Tewa mwenye alama za juu alihitaji mwaka wa maandalizi wa kulipia. Mwenzake wa shule za kibinafsi zenye mtaala wa Uingereza, au wa Aga Khan Academy iliyofunguliwa Mombasa mwaka 2003 na mtaala wa kimataifa wa IB, aliingia moja kwa moja. Mji mmoja ukawa na vijana wa ngazi mbili, na kilichowagawa kilikuwa uwezo wa wazazi.

Ukaaji wa muhula hupita kando ya kizuizi hicho. Chuo mwenyeji hakiulizi kidato cha sita. Huuliza mwanafunzi amefanya nini katika mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo chake. Aliyezuiwa na mfumo ana nafasi ya kupimwa kwa kazi yake ya chuo kikuu. Hiyo ndiyo sababu njia hii fupi, inayoonekana ndogo mbele ya shahada nzima, inastahili kupigiwa debe Mombasa kuliko inavyopigiwa sasa.

Wakati huohuo, upande wa pili haukukoma kuja. Farouk Topan, mzaliwa wa Zanzibar, aliandika tasnifu yake ya SOAS mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya nyimbo za pepo katika uganga wa Mombasa, naye ndiye aliyekuwa ameanzisha somo la fasihi ya Kiswahili Dar es Salaam. Mjerumani Kai Kresse, aliyesomea London na baadaye kufundisha St Andrews, Uskoti, alikaa Mji wa Kale mwishoni mwa miaka ya 1990 akiwasikiliza washairi Ahmed Sheikh Nabhany na Ahmad Nassir Juma Bhalo, pamoja na Sheikh Abdilahi Nassir. Kitabu chake juu ya falsafa ya Mombasa kilitoka mwaka 2007. Baadaye, pamoja na Hassan Mwakimako, aliyatafsiri maandishi ya Sheikh Al-Amin yakatoka upya kwa Kiswahili na Kiingereza. Wamarekani nao wamekuwa na mpango wa masomo ya Uswahili uliowaweka wanafunzi katika nyumba za wenyeji Mombasa, wakila mahamri na mbaazi asubuhi na kujifunza Kiswahili jikoni kabla ya darasani.

Kazi hizi ni nzuri. Bila ya baadhi yake, mengi ya wazee waliokwisha kutangulia yangepotea. Lakini ukizihesabu kama biashara ya pande mbili, hesabu haisawazishwi. Nyumba ya Mswahili iliyomlea mgeni miezi minne haikupata nafasi ya kumpeleka binti yake miezi minne Edinburgh. Mombasa imepeleka walimu zaidi kuliko wanafunzi: Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mvita aliyefariki mwaka 2008, alifundisha Kiswahili SOAS na miswada yake ni sehemu ya hazina ya chuo hicho; mshairi Abdilatif Abdalla, baada ya kifungo chake cha kisiasa cha 1969 hadi 1972, alifanya kazi Idhaa ya Kiswahili ya BBC London na baadaye akafundisha Leipzig hadi mwaka 2011. Watu hawa walikwenda na elimu yao. Walipofika, walikuwa wao ndio chuo.

Kisha kuna pesa, na hapa ndipo familia nyingi hukwama kimyakimya.

Viza ya mwanafunzi wa Uingereza inataka mwombaji aonyeshe kwamba ana fedha za kujikimu. Kuanzia Januari 2025 kiwango kilikuwa pauni 1,483 kwa mwezi kwa anayekwenda London na pauni 1,136 kwa anayekwenda kwingine, na kimeendelea kupandishwa. Kwa kiwango hicho, miezi tisa nje ya London ilikuwa pauni 10,224. Pauni ikiwa karibu shilingi 170, ni zaidi ya shilingi milioni 1.7 za Kenya, mbali na karo. Fedha hizo lazima ziwe zimelala katika akaunti siku 28 mfululizo, zisiguswe. Juu yake kuna ada ya viza, pauni 524 kwa viwango vya 2025, na tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka. Anayekaa zaidi ya miezi sita hupimwa pia kifua kikuu, na kwa Mkenya kipimo hicho humaanisha safari ya Nairobi.

Sasa tazama mali ya familia ya Mji wa Kale inavyokaa. Iko katika nyumba ya mawe ambayo aghalabu ni mirathi isiyogawanywa, yenye warithi Mombasa, Lamu, Muscat na Jeddah, au ni wakfu usiouzika. Iko katika dhahabu ya mama. Iko katika bidhaa za dukani zinazozunguka kila wiki, na katika ahadi za ndugu ambao kila mmoja atatoa chake siku ya safari ikifika. Familia hiyo inaweza kumsomesha mtoto, na imekwisha kuwasomesha wengine. Isichoweza ni kulaza milioni 1.7 benki kwa siku 28 huku duka likisubiri mtaji. Afisa wa viza haoni dhahabu wala haoni ndugu. Huona karatasi ya benki. Mkopo wa riba, ambao jamii nyingine hujazia pengo hilo, kwa wengi hapa ni haramu, na mlango huo hawaugusi.

Mabadilishano ya muhula mmoja hupunguza mzigo huu kwa kiasi ambacho wazazi wengi hawajaelezwa. Uingereza huruhusu mgeni kusoma hadi miezi sita kwa viza ya kawaida ya wageni, ilimradi chuo kimeidhinishwa. Viza hiyo ilikuwa pauni 127 mwaka 2025, haina tozo ya afya, na haiwekewi kiwango maalumu cha fedha za kila mwezi, ingawa mwombaji lazima athibitishe kwamba anajiweza na kwamba atarudi. Ubaya wake ni kwamba hairuhusu kazi ya aina yoyote, hata ya saa chache wikendi. Barua ya chuo cha nyumbani inayosema mwanafunzi ana muhula wa kumalizia husaidia sana, kwa kuwa hujibu swali ambalo afisa yeyote atauliza: atarudi kwa nini?

Tatizo jingine halimo mikononi mwa familia. Uingereza ilipoachana na Umoja wa Ulaya iliacha pia mpango wa Erasmus, na mwaka 2021 ikaanzisha wa kwake uitwao Turing. Turing huwalipia wanafunzi wa Uingereza wanaokwenda nje. Hauwalipii wanaokuja. Chuo cha Uingereza kinaweza kumpeleka kijana wake Mombasa kwa fedha za serikali, lakini chuo cha Mombasa kikitaka kujibu kwa kumpeleka wake, nauli na chakula ni juu yake. Erasmus ya sasa ina fungu la nchi zilizo nje ya Ulaya, na hulipa pande zote mbili. Desemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itarudi humo kuanzia mwaka 2027. Vyuo vya Pwani vyenye makubaliano yaliyokamilika mapema vitakuwa vya kwanza kwenye foleni.

Mwanafunzi akishafika, mambo yanayomchosha si yale aliyoonywa. Baridi hununuliwa koti. Kigumu ni mwanga. Mombasa mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Manchester mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana ndani ya saa nne, mara nyingi katikati ya vipindi vya darasa. Miaka ambayo Ramadhani iliangukia Juni, kama 2015 na 2016, Waislamu wa huko walifunga kwa zaidi ya saa 18, na wakati mwingine mitihani ikawakuta ndani ya saumu. Miaka hii Ramadhani imesogea kwenye majira ya baridi na mapema ya machipuko, na funga imekuwa karibu na ya nyumbani. Anayepanga muhula wake afungue kalenda zote mbili.

Halafu kuna namna ya kusoma. Mwaka wa Uingereza huhesabiwa krediti 120, 60 kwa muhula, na saa za darasani ni chache. Zilizobaki ni za kusoma peke yako na kuandika insha ambamo unatakiwa useme unakubali au unapinga, na kwa ushahidi gani. Kijana aliyekulia mji wa malumbano ya mashairi na mabaraza ya jioni hana upungufu wa hoja. Anachokosa mara nyingi ni mazoezi ya kuiandika hoja yake mwenyewe dhidi ya mwandishi mkubwa, kwa kuwa shule nyingi zilimfunza kumnukuu mkubwa na kunyamaza. Muhula mmoja wa kurudishiwa insha zenye maswali pembeni unaweza kumbadilisha zaidi ya vyeti viwili. Lazima pia ajue mapema mitihani inafanywa lini: katika vyuo vingi mitihani ya muhula wa kwanza huwa Januari, na anayeondoka Desemba asipopangiwa kazi mbadala atarudi bila alama, na mwaka wake utakuwa umepotea.

Kwa wasichana hesabu ni nyingine kabisa. Shule ya wavulana wa Kiarabu ilifunguliwa Mombasa mwaka 1912. Ya wasichana ilisubiri hadi 1938. Pengo lile limezibika darasani, na leo wasichana wa Mji wa Kale wanasoma kwa bidii isiyo na mfano, lakini safari bado hujadiliwa kwa uzito tofauti. Nani atakuwa naye? Atalala wapi? Familia itakayokataa miaka minne huenda ikakubali miezi mitano, hasa chuo kikihakikisha bweni la wanawake na pakiwa na khaloo au shangazi jirani. Jamaa hao wapo. Familia za Barawa zilizokimbia vita vya Somalia na kukaa kambini Mombasa katika miaka ya 1990 zina watu wao kaskazini mwa London hadi leo, wanaosema Chimwini nyumbani na waliooana na watu wa Mvita. Kwa mke na mama wa watoto, shahada ya mwaka mzima imekuwa ngumu zaidi tangu Januari 2024, kwani wanaosoma uzamili wa darasani hawaruhusiwi tena kwenda na waume au watoto. Hapo tena safari fupi inashinda.

Tusisahau kwamba Uingereza si mahali pa kwanza ambapo kijana wa Mji wa Kale hupafikiria akisikia habari za kusoma ng'ambo. Kuna Tarim ya Hadhramaut, kuna Al-Azhar, kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilichofunguliwa mwaka 1961, ambacho humpa mwanafunzi malazi, posho na tikiti. Wengine walikwenda Khartoum, hadi vita vya Aprili 2023 vilipowarudisha masomo yakiwa nusu. Mji huu umesafiri kutafuta elimu karne nyingi na hauhitaji kufundishwa ujasiri. Lakini njia hizo zina kitu ambacho ya Uingereza haina: mashekhe waliosoma huko hurudi, hukaa msikitini, na huandika barua za kuwatambulisha wanafunzi wao. Anayetaka Uingereza mara nyingi huanzia saiba, mbele ya fomu, bila mtu wa kumwambia swali la nne linamaanisha nini.

Mfano wa ushirikiano unaoelekea kuwa wa haki uko kusini kidogo ya kisiwa, Gazi, Kwale. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, yenye makao yake Mkomani, imefanya kazi kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier juu ya mikoko. Kutokana na kazi hiyo mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, mapato yakirudi kwenye maji na shule za vijiji. Wanafunzi wa Uskoti wamekuja kupima matope ya Gazi, na watafiti wa Kenya wamekwenda Edinburgh kwa masomo ya juu. Kilichowezesha hilo ni kwamba Mkenya aliketi mezani na kitu ambacho mwenzake alikihitaji, yaani mikoko yenyewe na ujuzi wa kuisoma, naye alijua thamani yake.

Mombasa ina vitu vya namna hiyo tele. Ina Kiswahili cha Mvita na cha Lamu, ina Ngome ya Yesu iliyojengwa tangu 1593, ina nyumba zenye miswada, ina bandari. Ina pia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho ndicho MIOME ile ile iliyokua: taasisi ya ufundi mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, chuo kikuu kamili mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo mfupi kwa gari. Na ina sheria mkononi. Kwa sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013, mtafiti wa kigeni hawezi kufanya kazi Kenya bila kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali hicho humtaka awe na taasisi ya Kenya inayomkubali.

Maana yake ni kwamba kila mtafiti wa Uingereza anayetaka kuketi barazani Kibokoni hupita kwanza mbele ya meza ya Mkenya fulani akiomba barua. Barua hiyo kwa kawaida hutolewa kwa ada ndogo na salamu njema. Hakuna kinachozuia chuo au makumbusho kuandika ndani yake kwamba chuo cha mgeni kitampokea mwanafunzi mmoja wa Pwani kwa muhula mmoja bila karo, kitampa bweni, kitathibitisha kwa maandishi kuwa kinagharamia maisha yake ili afisa wa viza asiulize habari za benki ya baba yake, na kitampangia kazi za kufanyiwa tathmini kabla ya Desemba. Wageni wawili kwa mwaka, wanafunzi wawili kwa mwaka. Ofisi za kuandika barua hizo ziko Tudor, Kilifi na ndani ya Ngome ya Yesu, na zinafunguliwa saa mbili asubuhi.